Ukurasa wa Mama Adina

Kabla ya kuwasha kompyuta, Estrina alikuwa na desturi ya kufumba macho na kuweka mikono yake miwili juu ya kifuniko, kama mtu anayebariki mkate. Aliomba umeme usikatike. Aliomba akumbuke yote aliyofundishwa. Mwisho aliomba kile kimshale cha kwenye skrini kiende anakotaka yeye, kisiende kinakotaka chenyewe.

“Anaiombea iamke,” kaka yake Canute alinong’ona, kwa mnong’ono uliosikika mpaka jikoni. “Sisi kule Huddersfield tunabonyeza tu.”

“Ndiyo maana zenu zinaharibika,” Estrina alijibu bila kufumbua macho. “Amina.”

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na ile nyumba ya L’Esterre ilikuwa imejaa watu kama haijawahi kujaa tangu kimbunga kiing’oe paa lake. Paa sasa lilikuwa jipya, bati likimeremeta hadi kuumiza macho ya wapita njia. Canute alikuwa ametoka Uingereza na sanduku moja la nguo na mawili ya chai. Dada yao Velda alikuwa ameshuka na boti ya kutoka Grenada pamoja na binti yake Kezia. Velda alikuwa amekaa Brooklyn miaka mingi kiasi kwamba alitapika njia nzima, kisha akamlaumu nahodha. Uani, chini ya turubai, majirani walikuwa wanapukuchua mbaazi na kubishana kuhusu mbuzi. Na chumbani kwa mama yao, juu ya kitanda, chini ya shuka jeupe lililopigwa pasi, jiwe la kaburi lilikuwa limelala likisubiri siku yake.

Mama Adina alikuwa amefariki miaka ishirini na miwili iliyopita. Katika kisiwa cha Carriacou jiwe halikimbiliwi. Familia hungoja mpaka iwe na uwezo, na mwenyewe aliyelala aliombe. Mama aliliomba mwezi wa pili, ndotoni, kwa mdogo wake Ismay, ambaye watoto walimwita Tanti, yaani mama mdogo. Alisimama mlangoni akasema amechoka kulala bila kitu kichwani. Tanti akapiga simu Uingereza, akapiga simu Marekani, na hakuna aliyemwuliza swali la pili, maana ndoto haibishiwi. Jumamosi jioni jiwe lingepelekwa makaburini kwa ngoma, limwagiwe maji na ramu. Halafu Tanti angeandaa meza ya wazazi mle chumbani, kitambaa cheupe na mshumaa na chakula kisichotiwa chumvi, kwa ajili ya wote waliotangulia. Mlango ungefungwa mpaka asubuhi, na walio hai wangekesha uani wakicheza.

Kazi ya picha alipewa Estrina. Alikuwa amepika katika shule ya msingi karibu maisha yake yote, na alipostaafu akafanya jambo lililowachekesha wengi: akaenda kukaa kwenye dawati. Jioni mbili kila wiki alipanda basi kwenda Hillsborough na daftari lake, kwanza kwa ajili ya kuandika vizuri, halafu hesabu, halafu kompyuta. Mwalimu wake, Bi. Prudhomme, aliwafundisha kutengeneza albamu isiyo na karatasi. Unachukua picha, unaikata pembeni, unaiinamisha kidogo, unaiwekea utepe na ua, unaandika maneno chini yake. Ukimaliza, unaituma, na kila ndugu anakuwa nayo kwenye simu yake, popote alipo duniani.

“Mahali ambapo upepo haufiki,” Estrina aliwaambia, na hapo hakuna aliyemtania.

Upepo ulikuwa umechukua kopo la biskuti. Ndani ya kopo hilo mlikuwa na picha za familia nzima, na miongoni mwake picha tatu tu za Mama Adina. Hazikuwa na nakala. Mama hakupenda kupigwa picha. Hata alipokuwa anaumwa mara ya mwisho aliwaagiza: “Msiweke sura yangu kwenye karatasi ya mazishi. Watu watafungia karanga.” Wakamtii, wakaweka msalaba. Canute alikuwa anasema kila mwaka kwamba akija atazinakili zile tatu, na kila mwaka alikula, akalala, akarudi Uingereza. Kopo lilipatikana baadaye kwenye mikoko, tupu, limejaa maji ya chumvi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Estrina hakumwambia mtu ila Mungu. Kila alfajiri alipomwombea mama yake, zamani sura ya mama ilikuwa inakuja yenyewe. Tangu kopo lipotee, ilianza kuja imefifia. Kilemba kilikuja. Shingo ilikuja, mabega yalikuja, hata sauti ya kuwaita mbuzi ilikuja. Lakini pale pa uso palikuwa na mwanga mtupu, kama dirisha linalopigwa na jua. Estrina alikuwa amejaribu kufunga. Alikuwa amejaribu kupiga magoti sakafuni bila mto. Palibaki vilevile. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa albamu aliuacha mtupu, akauandikia juu kwa maandishi mazuri ya kujipinda: Mama Adina. Alikuwa na imani kwamba miongoni mwa ndugu wote hawa waliokuja, mmoja angekuwa na picha mahali fulani, kwenye pochi, kwenye Biblia, nyuma ya droo.

Aliwauliza wote. Hakuna aliyekuwa nayo.

“Endelea tu na kurasa nyingine,” Velda alimwambia, akiinama juu ya bega lake. Kisha akakodoa macho. “Estrina, hawa ni nini?”

“Vipepeo.”

“Hii si picha ya Canute anachuna mbuzi?”

“Ndiyo.”

“Sasa mbona vipepeo wamemwingia mbuzi tumboni?”

“Bi. Prudhomme alisema ukurasa usiwe mkavu.”

“Huu haujakauka, umeoza,” Velda alisema, akaangua kicheko akijiziba mdomo, na Estrina, aliyekuwa na simu mkononi, akampiga picha. Alipoitazama alisonya.

“Mkono! Umevaa gauni zuri la njano halafu unaziba nusu ya uso. Mama na binti mmekuwaje? Nina picha kumi za Kezia, zote mkono mdomoni. Toa mkono, mtoto!”

“Sifanyi makusudi, Tanti Estrina,” Kezia alilalamika kutoka jikoni, alikokuwa amefundishwa kuviringisha ugali wa bamia ndani ya bakuli na ugali ulikuwa umemshinda.

Bi. Prudhomme alikuwa mkali katika hilo. Picha iliyofumba macho, tupa. Iliyotikisika, tupa. Yenye mkono usoni, tupa. Estrina alikuwa mwanafunzi mtiifu. Kila alipokutana na picha ya namna hiyo aliiburuta mpaka kwenye kipipa kilichochorwa pembeni mwa skrini, akaiachia, ikazama. Wala hakuzihurumia. Kwa wingi wa picha za watu wanaocheka katika nyumba ile, kipipa kilikuwa na kazi.

Siku ileile mchana Tanti Ismay aliingia na fimbo yake na kanga ya kichwani imepinda. Alikuwa na miaka themanini na tisa, na alikuwa amelala kidogo baada ya chakula.

“Zimeni hiyo redio,” alisema.

Redio ikazimwa. Hata waliokuwa wanapukuchua mbaazi walinyamaza.

“Adina amekuja tena. Kasimama palepale mlangoni, miguu imelowa. Kaniambia, ‘Ismay, jiwe nimeliona, ni zuri. Lakini nasikia watoto wametengeneza kitabu cha picha. Kila mtu yumo, hata mbuzi yumo. Mimi sura yangu iko wapi?’”

Estrina aliondoa mikono yake juu ya kompyuta.

“Tanti, hatuna picha,” Canute alisema kwa upole. “Unajua upepo ulichukua.”

“Mwambie yeye, usiniambie mimi. Mimi nimetumwa tu.” Tanti alikaa kitini, akapumua. “Ila nawaambia mapema. Mimi siandai meza ya kumkaribisha mtu nyumbani kwake halafu nimwoneshe kitabu ambacho kila mtu yumo isipokuwa yeye. Nikifanya hivyo atanijia kila siku mpaka nife, na nikifa nitakutana naye. Tafuteni sura ya dada yangu. Msipoipata, jiwe mtalipeleka, ngoma mtapiga, lakini meza wekeni wenyewe.”

Na kila mtu alijua kwamba meza haiwezi kuwekwa na mwingine. Tanti ndiye aliyekuwa amebaki katika kizazi chake. Yeye tu ndiye aliyejua nani anaitwa kwanza.

Ijumaa walikaa kwenye kikao kizito kuzunguka kompyuta. Wazo lilikuwa la Estrina mwenyewe, na lilikuwa limemjia katika maombi, kwa hiyo alilichukua kwa uzito. Ikiwa picha ya Mama haipo, watoto wake wapo. Kila mmoja amerithi kitu. Yeye angekata kipande hapa na kipande pale, avibandike, na sura ingerudi.

“Pua ya Mama ninayo mimi,” Canute alisema mara moja.

“Wewe?” Velda aliruka. “Hiyo pua yako ni ya baba, tena ya baba akiwa na mafua. Pua ya Mama ni hii hapa.” Akajionesha ya kwake kwa kidole, upande wa kulia, kisha wa kushoto.

“Hiyo ulishaipaka poda miaka thelathini, hata yenyewe haijui ni ya nani.”

“Estrina ana paji la uso.”

“Estrina ana paji la uso la padri.”

“Tuheshimiane,” alisema Estrina, akicheka. “Macho je?”

Macho walikubaliana ni ya Canute, ingawa Velda alitaka iandikwe kwamba alikubali kwa kushurutishwa. Masikio wakampa Kezia. Mdomo ndio uliowashinda kabisa. Canute alisema ulikuwa mpana, Velda akasema ulikuwa mdogo, na Estrina hakuweza kusema lolote. Alipojaribu kuukumbuka aliona ule mwanga wa dirishani. Mwishowe walibandika mdomo wa Velda ili kuokoa muda, na Estrina akamalizia na kilemba cheupe alichokikata kutoka kwenye picha ya jirani.

Kazi hiyo ilimchukua mchana wote. Alilainisha kingo kama alivyofundishwa, akasawazisha rangi. Kisha akaigeuza kompyuta wote waone.

Wote waliinama kuitazama.

“Huyu ni mimi,” Canute alisema hatimaye. “Ni mimi, nimevaa kilemba, nataka kuingia kanisani upande wa wanawake.”

Velda alianguka kwenye kochi. Kezia alitoka mbio nje kwenda kuchekea uani, na wapukuchua mbaazi wakaja dirishani kuona kulikoni, nao wakaangua vicheko. Hata Estrina alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Canute akaipora simu na kumpiga picha katika hali hiyo. “Hii nayo weka vipepeo,” alisema.

Lakini usiku ulipoingia na wengine walipokwenda kulala, kicheko kilimwishia Estrina. Alimfuta yule mtu mwenye kilemba. Aliiburuta pia ile picha yake mwenyewe mpaka kwenye kipipa, maana nayo ilikuwa na mkono usoni. Ukurasa wa kwanza ukabaki na jina la Mama juu na weupe chini. Alipiga magoti. Hakuomba maneno mengi. “Baba,” alisema, “siombi picha. Naomba nimwone tu.” Kisha akalala.

Jumamosi ilikuja na moshi. Masufuria yalikuwa juu ya moto tangu alfajiri, mbuzi katika moja, mbaazi katika jingine, na pembeni kabisa sufuria ndogo isiyotiwa chumvi, ambayo Tanti Ismay aliilinda mwenyewe kwa fimbo. Aliisimamia, lakini meza hakuitaja. Wapiga ngoma walifika saa nane wakaanika ngozi za ngoma zao juani. Kila mtu aliyepita karibu na Estrina alimwangalia, akaangalia kompyuta, akapita bila kuuliza. Jambo hilo lilimtesa kuliko maswali.

Alikuwa amemaliza kurasa zote. Mbuzi alikuwemo, vipepeo wakiwa wamepunguzwa. Velda akishuka botini alikuwemo. Jiwe lenyewe lilikuwemo, limefunikwa shuka, na chini yake Estrina alikuwa ameandika, Mgeni wetu wa heshima amepumzika. Kurasa zote zilikuwa nzuri. Ni ule mmoja tu.

Velda alikuja akiwa tayari amevaa nguo nyeupe za makaburini, akapitia kurasa moja baada ya nyingine, akaguna.

“Na lile gauni langu la njano liko wapi?”

“Nililitupa. Uliziba mdomo.”

“Estrina! Gauni lile nimelinunua kwa ajili ya safari hii. Nimetapika njia nzima, nimeng’atwa na mbu, halafu gauni langu unalitupa kwa sababu ya mkono? Lirudishe.”

“Bi. Prudhomme alisema—”

“Bi. Prudhomme si dada yako. Lirudishe.”

Estrina alipumua. Bi. Prudhomme alikuwa amesema pia kwamba kipipa hakijimwagi mpaka mwenyewe ukimwage, na yeye hakuwa amekimwaga. Alipeleka kimshale pembeni, akabonyeza mara mbili.

Kipipa kilifunguka, na picha zote alizozitupa tangu Jumanne zikajitokeza kwa pamoja, ndogondogo, safu chini ya safu, zimejaa skrini nzima.

Estrina alisogeza uso karibu kulitafuta gauni la njano. Halafu akaganda hapo hapo.

Kwa udogo wa picha zile hakuweza kujua nani ni nani. Aliona mabega yaliyopanda juu. Aliona kichwa kilichoinama upande wa kushoto, daima upande wa kushoto, na mkono uliopinda ukafunika mdomo, si kwa kiganja ila kwa migongo ya vidole, na juu ya vidole macho mawili yaliyobanwa na kicheko mpaka yakawa mistari. Huyu alikuwa Velda, au labda Kezia. Yule mwenye ndevu lazima alikuwa Canute. Yule wa pembeni alikuwa yeye mwenyewe, jana. Lakini alipowatazama wote kwa pamoja hawakuwa watu wengi. Alikuwa mtu mmoja tu, anacheka, tena na tena, skrini nzima.

“Mama,” alisema Estrina.

“Nini?” Velda aliinama. “Liko wapi gauni?” Kisha naye akaona. Aliketi polepole kwenye ukingo wa kiti cha dada yake, na kiti kikalia kwa uzito wa wote wawili.

“Kezia hakuwahi kumwona,” Velda alisema. “Amezaliwa Mama ameshazikwa.”

“Amekuona wewe.”

“Na mimi wala sikujua kama nafanya hivi.”

“Ndiyo maana mdomo ulitushinda,” Estrina alisema. Sasa alikuwa anacheka. “Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mdomo wa Mama vizuri. Kila alipofurahi aliuficha!”

Alifanya kazi haraka. Hakulainisha kingo wala hakusawazisha rangi. Alizichukua zile picha zote za kutupwa, akazikata kila moja kwenye mabega, akazipanga zikiwa zimebanana ili mtu mmoja aanzie alipoishia mwenzake. Nyuma yake aliweka picha ya kitambaa cheupe cha meza, kilekile ambacho Mama alikitarizi pindo lake na ambacho upepo, kwa sababu unazozijua wenyewe, ulikiacha ndani ya kabati. Hakuweka ua, wala kipepeo. Juu pakabaki jina lile. Chini hakuandika kitu.

Velda alimfuata Tanti Ismay jikoni. Tanti alikuja akisindikizwa na harufu ya mbaazi, akavaa miwani yake, kisha akaivua, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Canute alikuwa ameingia na kusimama nyuma ya kochi, na wapiga ngoma wawili walichungulia mlangoni. Estrina alishika rozari iliyokuwa mfukoni mwake, wala hakusali. Aliishika tu.

Tanti alitazama muda mrefu. Kidole chake kilichopinda kilipita juu ya skrini bila kuigusa, kutoka kicheko kimoja mpaka kingine.

“Ilikuwa muwa,” alisema.

“Muwa gani, Tanti?”

“Harusi ya binamu yetu, kule Harvey Vale. Adina alikuwa na miaka kumi na saba, amevaa viatu kwa mara ya pili maishani. Kuna kijana mmoja wa Windward, fundi wa boti, alikuwa anamtazama. Adina akataka kumwonesha kwamba yeye hajali. Akachukua muwa, akaung’ata kwa jeuri, hivi.” Tanti aling’ata hewa. “Jino la mbele likabaki kwenye muwa.”

“La!” alisema Canute.

“Likabaki limesimama kama bendera! Na yule kijana akaja mbio, akamwambia, ‘Dada, umedondosha kitu.’” Tanti alikuwa ameanza kutikisika mabega. “Tangu siku ile hakucheka bila kujiziba. Hata alipoolewa naye.”

“Alikuwa baba?” Velda alipiga kelele.

“Sasa ulidhani nani? Baba yenu alimwoa mtu ambaye jino lake alikuwa nalo mfukoni!”

Na hapo Tanti Ismay, ambaye hakuwa amecheka tangu Alhamisi, alicheka. Mabega yalipanda, kichwa kikaenda kushoto, mkono ukaja juu, migongo ya vidole mdomoni.

“Mkono, Tanti!” wote walipiga kelele kwa pamoja, na Estrina akanyanyua simu akampata.

Tanti alijifuta macho. Aligonga fimbo sakafuni mara moja.

“Huyo ndiye Adina,” alisema. “Haya, nileteeni kitambaa cha meza, jua linashuka. Mnangoja nini?”

Jiwe lilipelekwa, likamwagiwa maji na ramu na punje za mchele, na padri akasali, na Estrina akasali kwa sauti kuliko padri. Waliporudi, Tanti aliandaa meza. Aliweka ugali wa bamia, mbaazi, nyama ya mbuzi, glasi ya maji, glasi ndogo ya ramu. Alimuita kila mmoja aliyetangulia kwa jina, kuanzia wa zamani kabisa. Kisha akageuka.

“Na kitabu?”

“Kitabu kiko kwenye kompyuta, Tanti,” alisema Estrina.

“Mimi nilidhani tunakiweka mezani. Watakionaje?”

Watoto wa Mama Adina walitazamana. Velda ndiye aliyekwenda kuleta tableti yake. Estrina aliiingiza albamu, akaipanga ijifungue yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, ikifika mwisho ianze upya. Tanti aliiegemeza kwenye bakuli la ugali, mbali na mshumaa.

“Tanti,” Canute aliuliza, “wazazi wanajua kubonyeza?”

“Wewe umefundishwa na mjukuu wako. Kaa kimya.”

Mlango ukafungwa. Ngoma zikaanza.

Asubuhi ya Jumapili watoto wa majirani walikuwa wamejipanga mlangoni kabla kahawa haijachemka, maana chakula cha wazazi kikishatolewa ni cha kugombaniwa. Tanti alifungua. Mshumaa ulikuwa umekwisha vizuri. Ugali ulikuwepo. Tableti ilikuwa nyeusi, na Canute alipoibonyeza haikujibu.

“Wameitazama mpaka chaji imeisha,” alisema kwa heshima, na safari hii hakuwa anatania sana.

“Mama hakuwahi kuacha kitu katikati,” Velda alisema.

“Umeota, Tanti?” Estrina aliuliza.

“Sikuota kitu. Nimelala kama gogo.” Tanti alichukua donge la ugali kabla watoto hawajalifikia, akalionja. “Mtu akisharidhika anakuja kufanya nini?”

Baada ya ibada walikuwa wanamsubiri Estrina mezani. Ilibaki kuituma albamu: Huddersfield, Brooklyn, Toronto, kwa kila mtu mwenye simu na damu ya Mama Adina, na nakala moja kwa Bi. Prudhomme, ambaye angeshangaa sana kuona ukurasa wa kwanza. Estrina aliketi, akaweka mikono yake miwili juu ya kifuniko cha kompyuta, akafumba macho.

Kilemba kilikuja. Shingo ikaja, na mabega, na mabega yakapanda. Kisha pale palipokuwa na mwanga ukaja mkono, na juu ya mkono yakaja macho, madogo, yamebanwa, yamejaa machozi ya kucheka. Yalikuwa yanamtazama yeye.

Canute alingoja amina. Haikuja.

“Vipi?” alinong’ona, kwa mnong’ono uliosikika mpaka jikoni. “Imeamka?”

Kichwa cha Estrina kilikuwa kimeinama kushoto, na mkono wake ulikuwa mdomoni.